Shavu Lililosafishwa

Neno kusafisha limenitia kinyaa tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili, na mpaka leo sijapona. Nikimsikia mtu akisema anapeleka picha kusafishwa, mwili unanisisimka vibaya, kama mtu aliyekanyaga konokono akiwa peku. Wanangu wananicheka. Picha zao zinazaliwa ndani ya simu na kufia humo humo, kwa hiyo hawajui kwamba zamani picha ilisafishwa: ulipiga mkanda, ukaupeleka studio, ukasubiri wiki nzima, kisha ukapewa bahasha yenye picha na vipande vya negativu. Kusafisha huko hakukuhusu uchafu. Ilikuwa kuitoa picha mahali ilipojificha, basi. Kila mtu kuanzia Makambako mpaka Ludewa alilijua hilo, na mimi nililijua, na ndiyo maana kosa langu halina utetezi.

Nilikuwa nimeajiriwa katika duka la picha na steshenari hapo Makambako, nyuma kidogo ya stendi, upande ambao upepo huleta vumbi lote la mji na kulimwaga mlangoni. Soko huria lilikuwa limekwisha kukolea. Kila kitu kilikuwa kinaingia, kizuri kwa kibovu, na sisi tulikuwa tunapokea tu kwa mikono miwili. Kompyuta yetu nayo ilikuwa mtumba. Ilishuka kwenye kontena moja na baiskeli na magodoro yaliyokwisha kulaliwa na watu tusiowajua, na kwenye kioo chake kulikuwa na gundi ya stika ambayo mtoto fulani wa Ulaya aliibandika na mimi nikashindwa kuibandua. Kila asubuhi nilifuta vumbi, na kila asubuhi lile vumbi liliganda kwenye gundi ile likaacha doa jeusi. Nilikuwa naanza siku nimeshachukia.

Bosi wangu alikuwa mwanamume nadhifu. Shati lake lilipigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kiwiko, na manukato yake yalitangulia kufika dukani. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonishinda: kila alipotaka kushika picha, alilamba kidole gumba kwanza. Alikilamba vizuri, taratibu, kisha akakibandika juu ya picha ya mtu na kuivuta kutoka kwenye rundo. Mabibi harusi, watoto waliobatizwa, marehemu, wote walipata mate yake usoni. Nilikuwa nazifuta picha hizo kwa kitambaa kabla wenyewe hawajazichukua, na sikumwambia neno.

Kazi iliyotuletea wateja ilikuwa kung'arisha. Binti wa Wanging'ombe aliyeiva jua la shambani alikuja na picha yake ya harusi, nasi tukamng'arisha mpaka pua ikabaki matundu mawili kwenye karatasi. Nyuma yake tuliondoa nyumba ya bati ya baba yake na migomba, tukaweka maporomoko ya maji ya nchi za watu. Sisi, watu tunaoishi kwenye vilima vinavyofunikwa na ukungu hadi saa nne asubuhi, tulikuwa tunachukua milima ya Wazungu kutoka kwenye diski. Na wateja walipenda! Walishikana mikono, wakasema, "Tazama alivyopendeza." Nilikuwa nacheka nao, wakitoka nanawa mikono.

Kuhusu mafaili yenyewe sikujua kitu. Nilikuwa na cheti cha kozi ya kompyuta ya wiki sita, chenye muhuri mkubwa kuliko maarifa yaliyokuwa nyuma yake. Nilijua kwamba kila faili la picha lina mkia, yaani nukta na herufi tatu mwishoni: jpg, tif, bmp, gif. Tulikuwa tunaitamka kwa namna yetu, jepegi, tifu, bitimapu, gifu. Nilidhani mikia hiyo ni kama rangi za sare za shule. Ukibadilisha sare, mwanafunzi ni yule yule.

Bosi naye alikuwa na sheria moja tu juu ya mikia. "Zote jepegi," alisema. "Na ubora ushushe. Sitaki madude makubwa kwenye kompyuta yangu." Nafasi aliitaka kwa ajili ya filamu za ngumi, ambazo alizitazama mchana akiwa amegeuza kiti, na kazi zetu zikisubiri.

Basi siku moja akaja mama mmoja kutoka Mdandu. Alivaa sweta la kijani la shule lililombana mikononi, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki ulioviringishwa ndani ya kitenge. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, mama. Karibu."

Akaviringua kitenge, akatoa fremu. Ndani yake kulikuwa na msichana wa miaka kama tisa, amesimama mbele ya kanisa la misioni siku ya komunyo yake ya kwanza, gauni jeupe, mshumaa mkononi. Kwenye shavu la kushoto alikuwa na kovu la moto, pana, limeanzia chini ya jicho na kushuka hadi karibu na mdomo. Lilikuwa limeuvuta mdomo kidogo upande ule, hata akaonekana kama mtu anayetaka kucheka lakini amekatazwa. Kwetu makovu ya namna hiyo si ajabu. Baridi ni kali, moto unakaa katikati ya jiko, na watoto wanajifunza kutembea wakiuzunguka.

"Huyu ni mwanangu," yule mama akasema. "Amefariki. Homa, siku tatu tu. Mwezi ujao anatimiza mwaka, tutamsomea misa. Watu watakuja nyumbani baada ya misa, nataka wamwone, awe mkubwa ukutani. Nisafishie picha hii, mwanangu. Ndiyo hii tu niliyo nayo."

Nilimsikia vizuri. Nisafishie, alisema, kama mtu yeyote wa rika lake alivyosema alipotaka picha itolewe tena. Alifikiri kila picha ina negativu mahali fulani, na kwamba sisi wenye mashine tunajua iliko.

Picha ilikuwa imegandamana na kioo cha fremu. Unyevu na moshi vilikuwa vimeifanyia kazi hiyo kwa miaka miwili. Kwa hiyo niliilaza kwenye skana pamoja na kioo chake, na skana ikaisoma. Programu ya skana ilikuwa na mazoea ya kuhifadhi kila kitu kwa tifu bila kuniuliza. Faili likatoka na ukubwa wa megabaiti sita na kitu, wakati disketi zetu zilibeba moja na nusu hivi. Nilikunja uso. Hata hivyo niliiona picha kwenye skrini, ina ukungu kidogo wa kioo, lakini yumo wote: mshumaa, vifungo vya gauni, kovu na mng'ao wake. Nikamwandikia mama tarehe ya kurudi, akaondoka.

Bosi alipoiona hakuridhika. Alisema kioo kinaleta mawingu, picha lazima itolewe. Nikamwambia itachanika. Akaniambia yeye amefanya biashara hii kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Alichukua maji ya vuguvugu ya chai, akayamimina pembeni ya kioo, akachukua wembe. Nilisimama pale nikimtazama. Picha ilianza kutoka vizuri kwa chini, miguu, pindo la gauni, mkono wenye mshumaa. Akafika kifuani, akavuta. Karatasi ikaja mkononi mwake na gauni lake, lakini uso ukabaki kwenye kioo, vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Akalamba kidole gumba, akajaribu kuvibandua vile vipande kwa mate. Vikakunjamana. Vingine vikaganda kwenye kidole chake, akavipangusa kwenye suruali.

"Si imo kwenye kompyuta?" akasema. "Sasa unanikodolea macho ya nini?"

Sijawahi kumwona mtu akinichukiza kama alivyonichukiza yeye dakika ile. Lakini chuki yangu ilikuwa na raha ndani yake, maana kosa lilikuwa la kwake na mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono safi. Raha hiyo haikudumu.

"Mama kasema asafishiwe," bosi akaendelea akiangalia skrini. "Basi msafishe. Na hilo kovu litoe. Nani anataka kumkumbuka mwanawe na kitu kama hicho?"

Ningeweza kumwambia kwamba mama hakumaanisha hivyo. Neno lilikuwa la kwetu, bosi alikuwa mgeni wa mji, mimi ndiye niliyekulia ndani yake. Badala yake nilivuta kiti karibu. Wiki ile ile nilikuwa nimejifunza brashi inayonakili, ile inayochota ngozi mahali hapa na kuipanda mahali pale, na nilikuwa natafuta pa kuionyesha. Huo ndio ukweli, nami nauandika ingawa unanuka.

Nilichota ngozi ya shavu la kulia, nikaizibia kovu kidogo kidogo, kama mtu anayekandika ukuta. Mdomo uliovutwa nikaunyoosha. Jicho la kushoto nikalifungua kidogo lifanane na la kulia. Nilifanya kazi ile siku nne, katikati ya vyeti na vitambulisho vya watu wengine. Kila jioni niliihifadhi kwa jepegi, ubora wa chini kama sheria ilivyotaka, juu ya faili lile lile. Kila asubuhi niliifungua tena, nikagusa kidogo, nikaihifadhi tena. Niliona kama inazidi kuwa laini. Nikajisifu kwamba mkono wangu umetulia.

Siku ya tano bosi akaleta filamu mpya na nafasi haikutosha. "Futa hayo matifu," akaniamuru. Nilipanga mafaili kwa ukubwa, nikayachagua yote yenye mkia huo, nikafuta. Kompyuta ilinihoji kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Kisha nikafungua lile pipa la takataka lililomo ndani ya kompyuta, nikalimwaga nalo. Hakuna aliyenishika mkono.

Printa yetu ilikuwa haiwezi karatasi kubwa, kwa hiyo picha za ukutani tulizipeleka Njombe, kwa fundi mmoja mwenye mashine nzuri. Nilipanda basi na disketi yangu kwenye mkoba. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye miti ya miwati, na nilipofika mjini vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Chumba cha yule fundi kilikuwa zamani chumba cha giza cha kusafishia mikanda. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa matofali na harufu ya dawa haikuwa imetoka ukutani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mkali, anatafuna mahindi ya kukaanga na kuongea nayo mdomoni.

Akachomeka disketi, akafungua picha. Akaisogeza karibu mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka mdomo wa yule mtoto ukajaza skrini.

"Binti, hebu njoo uone mlichokifanya."

Nikainama. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na viboksi vidogo vidogo, kama sakafu ya vigae. Ukingo wa shavu ulikuwa umezungukwa na uchafu wa kijivu, kama povu linalobaki kwenye beseni la kufulia. Kwa mbali sikuwahi kuuona.

"Hii mmeihifadhi mara ngapi?"

"Sikumbuki. Kila siku."

"Kila siku!" Akameza mahindi. "Unajua jepegi ni nini? Jepegi ni mroho. Ukimpa picha, anaitazama, anasema, hiki kikipotea jicho la mtu halitajua, anakila, anafuta mdomo. Mara ya kwanza huoni kitu. Anabana vizuri, faili linakuwa dogo, unafurahi. Ukimfungua ukagusa ukahifadhi tena, anakula tena, sasa anakula katika masalia. Na akishakula hakurudishii."

"Na tifu?"

"Tifu ni mzito, anachosha, lakini ni mwaminifu. Ulichompa ndicho atakachokurudishia, leo na mwakani. Bitimapu naye vivyo hivyo, anabeba kila kitu kichwani, hajui hata kukunja mzigo. Gifu anajua kuhesabu rangi mia mbili hamsini na sita tu, mpe nembo, mpe muhuri, usimpe uso wa mtu." Akanionyesha. Akaigeuza ile picha kuwa gifu, na ngozi ya mtoto ikagawanyika mistari mistari, kama ramani ya shule inayoonyesha miinuko. Akaifunga kwa kuudhika. "Kuna mwingine sasa, png, anakunja mzigo bila kutupa kitu. Huyo hata sisi tunamsikia tu. Haya. Tifu yake iko wapi?"

Nikaanza kufunga mkoba wangu. Akanigeukia.

"Picha hii ilisomwa kwenye skana. Skana ilitoa nini?"

"Tifu."

"Iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Na picha yenyewe ya karatasi?"

Nikamweleza habari ya wembe na maji ya chai. Aliacha kutafuna.

"Sisi humu," akasema, akagonga ukuta wenye harufu ya dawa, "tulisafisha picha miaka na miaka. Negativu ungeweza kuisafisha mara mia, haipungui kitu. Mtu akipoteza picha, anarudi, unamsafishia nyingine. Ninyi mmechukua neno letu. Kila mkisafisha, mnaila."

Kisha akalisogeza shavu la kushoto karibu.

"Hiki kipele," akasema akigusa skrini. "Kiko hapa. Kiko na hapa. Kiko na hapa pia. Kipele kimoja mara tatu. Hii ngozi imetoka shavu la pili. Hapa palikuwa na nini?"

"Kovu."

"Mama yake alisema liondolewe?"

"Alisema tumsafishie."

Akachomoa disketi, akaniwekea mkononi. Hakunitukana. Alisema hachapishi, na akachukua kazi ya mtu mwingine. Nilitoka nje nikasimama barabarani na baridi ile, na kwa mara ya kwanza nikajinusa mwenyewe. Kinyaa chote nilichokuwa nimempa bosi wangu, pamoja na mate yake na filamu zake, kilinirudia. Yeye aliuharibu uso wa mtoto kwenye karatasi kwa papara. Mimi niliuharibu kwa utulivu, siku nne, nikijisifu.

Niliporudi Makambako niliitafuta ile tifu katika kila pembe ya kompyuta. Nilifungua mafolda ya miaka, nikafungua hata lile pipa tupu, kama mtu anayerudi kuchungulia mfuko aliokwisha kuukung'uta. Hakukuwa na kitu ila filamu. Majuto ni mjukuu, wanasema wazee, na mimi mjukuu huyo nilikuwa nimembeba mgongoni tayari.

Nikamweleza bosi yote, habari ya mikia na viboksi na ulafi wa jepegi. Alinisikiliza akichokonoa meno.

"Chapisha hapa hapa, karatasi ya kawaida," akasema. "Mama wa shamba atajua nini mambo ya mikia? Mtoto kapendeza, atafurahi."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilichapisha. Wino ulitoka, karatasi ikatoka, na juu yake akatoka msichana mzuri, laini, mwenye mashavu mawili yaliyolingana. Nilimtazama nikaona anafanana na sabuni.

Yule mama alifika siku niliyomwandikia, mapema, akiwa na fremu mpya aliyoinunua njiani. Bosi alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilimpa kiti, nikaweka karatasi mezani mbele yake. Aliinama. Akaitazama. Akaigeuza nyuma, labda akitafuta nyingine, akaigeuza tena mbele.

"Huyu mtoto ni wa nani?" akauliza.

"Ni wako, mama."

"Hapana, mwanangu. Umenichanganyia." Alisema kwa upole, kama mtu anayemrudishia jirani sufuria iliyoletwa kwa makosa. "Gauni ni lake. Mshumaa ni wake. Huyu simjui."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba alisema nimsafishie, nikamsafisha. Niliposikia maneno hayo yakinitoka kinywani nilitamani kuyatapika. Akanitazama.

"Nilisema kusafisha," akasema. "Kama wanavyosafisha picha."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Nilijua."

Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza ile ya zamani iko wapi, nami nikampa bahasha: karatasi yenye gauni na mshumaa, na kioo nilichokifunga kwa gazeti. Akafungua gazeti, akaona, akalifunga tena kwa mikunjo ile ile. Akaiweka bahasha mapajani, akaweka mikono yake juu yake. Nilitaka anipigie kelele. Nilitaka anipige kibao, nipate na mimi mahali pa kuweka aibu yangu.

"Nilikwenda kuchota maji," akasema. "Si mbali, hapo chini tu. Alikuwa na miaka miwili. Nikasikia kilio, nikatupa ndoo. Lile kovu nililipaka mafuta miaka minane, kila jioni. Alipokuwa mkubwa akawa ananiambia, mama inatosha, haliumi. Mimi naendelea tu." Akaigusa ile karatasi mezani. "Sasa umeliondoa. Unaweza kulirudisha?"

Nikasema nitajaribu. Nikafungua faili, nikachukua brashi, nikamwomba anielekeze lilikuwa wapi. Akasimama nyuma yangu, akanigusa shavu langu kwa kidole chake kigumu chenye harufu ya moshi. "Lilianzia hapa," akasema, chini ya jicho langu, "likashuka hivi." Nikachora kwa kahawia. Likaonekana kama tope. Nikafuta, nikachora kwa rangi ya waridi. Likaonekana kama mdudu.

"Lilikuwa linateleza," akasema. "Linang'aa kidogo."

Nikaweka mng'ao. Nikaupinda mdomo niliokuwa nimeunyoosha, ukapinda vibaya, mtoto akaonekana kama anayedhihaki.

"Halikuwa refu hivyo."

Nikalifupisha.

"Hapana, lilifika mpaka hapa. Au..." Kidole chake kikasimama katikati ya shavu langu. Kikapanda. Kikashuka. Akakiondoa, akakiweka kwenye shavu lake mwenyewe, akafumba macho. "Ngoja," akasema. "Ngoja nikumbuke."

Nikangoja. Nje mtu alikuwa anaita abiria wa Njombe. Alipofumbua macho alikuwa na woga ambao sikuuona hata alipofungua lile gazeti.

"Funga hiyo, mwanangu."

Nikabonyeza alama ya kufunga. Kompyuta ikatoa swali lake kwa Kiingereza, kama ilivyo ada yake.

"Inasema nini?"

"Inauliza kama nihifadhi."

"Ihifadhi nini?"

"Kovu nililochora."

"Iambie hapana," akasema. "Hilo ni lako, si lake. Na mimi kumbe nimeanza kusahau. Ukinipa hilo, nitalizoea."